Mbono za Makaburini na Mashine ya Mteremkoni

Siku mliponiaga karakana mlinipa shuka, saa ya ukutani na hotuba ndefu. Shuka ninajifunika, saa imesimama, na hotuba nimeisahau yote isipokuwa maneno ya kijana mmoja wenu: "Sisi tumekuta umeme, Mzee. Hatujui mlikuwa mnaendeshaje mashine." Aliyasema kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani. Sasa nimekaa hapa Liuli, kando ya ziwa, samaki hawanihitaji, mke wangu amechoka kunikuta jikoni nikimkosoa moto, na yeye ndiye aliyenipa karatasi akaniambia niende nikamjibu huyo kijana.

Vyeo na mshahara nitavipita. Vyeo vilinibadilishia kiti tu, na mshahara ulikuwa ukifika umeshachoka na safari. Nitaeleza mashine moja ya kusaga, iliyokuwa kijijini kwenye mteremko kati ya Litembo na ziwa, kwa sababu karibu yote niliyowafundisha, pamoja na yale mliyokataa kujifunza, niliyapata pale.

Nilifika kijijini hapo nikitokea kwenye boti za misheni ya Kianglikana, huku ziwani. Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kilikuwa na injini ya dizeli ya silinda moja, nzito, yenye magurudumu mawili ya chuma ambayo ukiyazungusha kwa mkono asubuhi huhitaji tena uji wa kukupasha mwili. Nilipanda mlima na mkoba wa spana na furushi la usipa mkavu, dagaa wa huku ziwani, wa kuwapa wenyeji. Usipa uliisha siku ile ile. Spana hazikuguswa wiki nzima.

Aliyenipokea alikuwa Bruda Gaudensi, mtawa wa Kimatengo aliyesimamia karakana ya misheni ya jirani na kukisaidia chama kwa ufundi. Alikuwa mfupi, mpole wa sauti, na kanzu yake ilikuwa na grisi kuliko injini yenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa tambara.

"Futa," akasema.

"Nimekuja kutengeneza, Bruda."

"Mashine haijaharibika. Wewe ndiye hujatengenezwa bado. Futa."

Nikafuta. Siku ya tatu tambara lilinasa kwenye nati iliyolegea chini ya pampu ya nozeli, na nikaona mahali ambapo dizeli ilikuwa ikivuja polepole bila mtu kujua. Bruda hakunisifu. Aliniletea bisibisi ndefu, akanionyesha kuweka ncha yake kwenye chuma na mpini sikioni, nisikie ndani mnasemwa nini. Tangu hapo nimekutana na vifaa vingi vya kupimia vyenye taa na namba, na kila vilipogongana na bisibisi niliiamini bisibisi. Nyinyi mlikuwa mnacheka nikiinama na kusikiliza. Nilikuwa nawasikia pia.

Wenyeji waliniita Mnyasa na jina hilo halikunibanduka. Waliniuliza kama naweza kulala bila kusikia mawimbi. Mimi niliwaambia kwamba nguruwe wao wanakula vizuri kuliko wageni. Wakanijibu kwamba nguruwe hawaji mikono mitupu, kila mmoja anakuja na mbolea yake. Hilo la mbolea lilikuja kuwa la kweli kuliko tulivyodhani.

Ikaja enzi ya ruksa. Zamani dizeli ilitoka kwa kibali na ilipanda kwetu na lori la ushirika, imechelewa lakini imekuja. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walipanda kiangazi na mizani zao, wakachukua kahawa na kushuka. Ushirika ukadhoofu, na lori lake likabaki juu ya mawe bila magurudumu. Mbinga mjini kulijaa kila kitu: redio, viatu vya plastiki, sabuni za kunukia, na dizeli pia. Ila kulipandisha pipa la dizeli hadi mteremkoni kwetu, hakuna aliyekatazwa. Hakukuwa na aliyetaka tu.

Hapo ndipo Bruda alipowageukia nguruwe. Alikuwa ameona kwingine mtambo wa biogesi, akachora wake kwa mkaa kwenye ukuta wa karakana ya chama, mashine ilipokuwa. Tulichimba shimo, tukajenga kuba la matofali chini ya ardhi, tukaziba kwa saruji na nta, na kila asubuhi tukalilisha samadi ya nguruwe iliyokorogwa na maji. Wenye kahawa walinuna kwa sababu samadi ni ya shambani. Walipoona kinachotoka upande wa pili bado ni mbolea, tena haina nzi, uso ukawarudi. Gesi tuliipitisha kwenye bomba hadi kwenye njia ya hewa ya injini.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mtu hukosea. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Inabana hewa mpaka inachemka, na dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Gesi ya samadi haina tabia hiyo. Ukiibana inakutazama tu. Kwa hiyo lazima iende pamoja na dizeli kidogo, na hiyo kidogo ndiyo kiberiti. Unaiwasha kwa dizeli tupu, unasubiri maji ya tangi yawe vuguvugu, unafungua gesi taratibu, na gavana, kile kidhibiti mwendo, yenyewe inapunguza dizeli. Usiwe mchoyo ukataka kuipunguza mpaka tone la mwisho, kwa sababu dizeli inayopita ndiyo inayoipoza nozeli, mdomo wa kunyunyizia, na nozeli iliyoungua haina msamaha. Gesi yenyewe inanuka mayai viza na inakula shaba, kwa hiyo tuliipitisha kwanza kwenye sanduku la vyuma vilivyochakaa kwa kutu, kutu ikanyonya ubaya huo. Vikichoka tunavianika juani, vinarudi kazini. Vilikuwa na likizo nzuri kuliko mimi.

Mashine ikasaga. Akina mama wakaja na mahindi yao na midomo yao.

"Fundi, leo ugali wangu utanukia zizi?"

"Utanukia mahindi, mama."

"Basi umenipunja. Nimelipa na harufu."

Lakini kiberiti kilibaki dizeli, na dizeli ilikuwa inaisha. Mwanzoni mwa mvua mwenyekiti wa chama, Mzee Ndunguru, alikuja karakana akasimama mlangoni bila kuingia, na nikajua ana habari ya kusimamia mlangoni. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa anaitaka injini yetu akaifunge kwenye kinu chake.

"Kamati imechoka," alisema. "Ikisaga kifuku hiki chote, mpaka mvua iishe, inabaki. Ikinyamaza, barabara ikipitika tu lori lake linapanda kuichukua."

"Na akina mama?" Bruda akauliza.

"Kinu kingine kiko Litembo, Bruda. Unajua kilima kile."

Sote tulikijua. Mwanamke anayetoka kulima ngolo, yale mashimo ya Kimatengo ya mteremkoni, tangu alfajiri hapandi kilima kile na debe la mahindi kichwani, kwenye utelezi, na mtoto mgongoni. Anarudi kwenye kinu na mchi. Nilikuwa nimeona mikono ya wanawake pale ilivyoanza kulainika, na sikutaka kuwa fundi aliyewarudishia malengelenge.

Bruda akasema tutatengeneza dizeli yetu. Alikuwa amesoma kwamba mafuta ya mbegu yakichanganywa na spiriti na magadi makali yanakuwa mepesi, yanawaka kama dizeli. Spiriti hatukuwa nayo. Tulikuwa na gongo, ambayo Bruda aliiita "spiriti ya hapa hapa" na kuipokea kwa uso wa mtu asiyejua imetoka nyumba ipi. Tulichanganya, tukapasha, tukakoroga. Asubuhi tukakuta sufuria imejaa kitu cheupe kizito chenye povu. Gongo ina maji, na maji hayo yalikuwa yametugeuzia kazi nzima.

"Tumepata nini, Bruda?"

"Sabuni," akasema, akanawa nayo mikono. "Tena inatoa grisi."

Kwa hiyo tukaacha kemia tukarudi kwenye moto. Mafuta ya mbegu yaliyochujwa vizuri yanawaka kwenye dizeli bila kubadilishwa, shida yake ni uzito tu. Tulizungusha bomba la shaba kwenye ekzosi ili yapate joto, tukawa tunawasha kwa dizeli kijiko, tunahamia mafuta ya mbegu na gesi, na kabla ya kuzima tunarudi kwenye dizeli ili nozeli isilale na mafuta mazito tumboni. Mafuta tuliyoyachagua ni ya mbono, kwa sababu hayaliwi. Mbegu zake zinaendesha tumbo vibaya sana, na tulitenga mashine moja ya mkono ya kukamulia alizeti isije ikachanganywa na chakula. Tukatangaza baada ya misa: atakayeleta mbegu za mbono hapangi foleni.

Zikaja vikapu kwa vikapu. Tulifurahi kama wajinga. Bruda alikuwa mtu wa pale pale na mimi nilikuwa nimeshakaa miaka, na hakuna kati yetu aliyejiuliza mbono za kijiji kile ziko wapi. Jina lake kamili ni mbono kaburi. Hupandwa kuzunguka kaburi ili mifugo isikanyage na watoto wajue aliyelala ni nani. Kwingine kokote pale kijijini mbono haikuwepo.

Bibi Skola ndiye aliyetukumbusha. Alikuwa mjane, mkubwa kuliko wanawake wote waliokuja kusaga, na walipotaka kujua jambo limekaaje walimtazama yeye usoni. Alikuja bila mahindi. Tukamwamkia, akaitikia taratibu, akauliza:

"Ditrami yuko kwenye dumu lipi?"

Ditrami alikuwa marehemu mume wake. Mtu mmoja, akikimbia foleni, alikuwa amechuma mbono za kaburi lake juu ya shamba la kahawa. Mimi, kabla sijafikiri, nilionyesha dumu la bluu.

Bibi akalitazama. "Hata mtu aliyekufa anabishiwa hodi," akasema. "Nyinyi mmeingia tu."

Akaondoka, na foleni nzima ikanyanyua madebe yake ikamfuata. Jioni kijiji kilikuwa kinasema mashine inakula makaburi, na asubuhi iliyofuata nikasikia michi ikigonga kila upande wa bonde. Gesi ilijaa kwenye kuba bila kazi, tukawa tunaiachia hewani. Mzee Ndunguru akasema kamati itakaa Jumapili.

Tulikwenda kwa Bibi Skola, mimi na Bruda, na kuku mmoja wa kuombea radhi. Bruda njiani aliniambia, "Sali kidogo Kianglikana, ya Kikatoliki nimeshaimaliza." Bibi alitukaribisha, akapokea kuku, akasikiliza maneno yetu yote ya toba mpaka tukayakosa mengine. Kisha akatuonyesha kinu uani.

"Radhi nimewapa. Sasa shikeni mchi, mnipe na unga."

Tukatwanga. Nyinyi mnaojisifu kwa kubeba injini za boti, jaribuni kutwanga mahindi mbele ya bibi wa Kimatengo. Mabega yaliwaka. Bruda alipiga ukingo wa kinu mara nyingi kuliko mahindi, na kanzu yake ikawa nyeupe mbele.

"Mnyasa, hiyo si kasia," Bibi akaniambia. "Unapiga chini, hupigi maji."

"Nisamehe, Bibi."

"Ditrami alikuwa anakaa pale, kwenye kivuli cha mgomba. Ananiambia nitwange polepole, anasinzia." Akacheka, halafu hakucheka tena. Akawa anatazama ule mgomba, na sisi tukaendelea kutwanga kwa sababu hatukujua kama tumeruhusiwa kuacha. Tulipoondoka hakutuambia neno juu ya mashine, na mimi niliona tumepoteza kuku, mabega na injini kwa mpigo.

Jumamosi asubuhi alikuja karakana. Kichwani alikuwa na kikapu, na ndani yake mbegu nyeusi za mbono, zilizopepetwa safi.

"Hizi zilikuwa upande wa chini, mwizi hakuzifikia," alisema. "Nimebisha hodi mwenyewe. Nimemwambia, Ditrami, miaka yote ulikaa kivulini mimi natwanga. Sasa zamu yako."

Bruda akavua kofia. Bibi akamkabidhi kikapu.

"Mtieni huyo. Na lile dumu la bluu pia, asifanye kazi nusu."

Tukakamua, tukachuja kwenye kitambaa, tukapasha. Nikazungusha yale magurudumu, injini ikashika kwa dizeli kijiko, ikapata joto, nikahamisha, nikafungua gesi. Moshi ulitoka mweusi kidogo kisha ukasafika. Bibi alikuwa amekaa kwenye gunia anasikiliza. Mlio uliposhuka akainua kichwa.

"Anasinzia huyo?"

Nikaongeza gesi, mlio ukapanda.

"Haya, ameamka," akasema. Nilitokwa na machozi pale, nikasingizia moshi. Bruda hakuwa na la kusingizia, akajifuta tu kwa mkono wa kanzu.

Kabla ya jioni walikuja wengine, kila mmoja na mbegu za kaburi la kwao alizochuma mwenyewe, akitaja jina. Huyu baba yangu Anselmu. Huyu shangazi. Jumapili kamati ilikaa, lakini ilikaa kwa kelele ya mashine na hakuna aliyesikia hoja ya kuuza. Kifuku chote tulisaga hivyo. Ikitoa moshi, mtu kwenye foleni husema huyo ni babu yangu, aliipenda sana tumbaku. Ikigonga, wanasema huyo shemeji, alikuwa hivyo hivyo hata kwa mkewe. Nami napunguza gesi, kwa sababu kugonga maana yake gesi imezidi, hata kama shemeji alikuwa mkali kweli. Unga haukunuka kitu.

Barabara ilipokauka lori la mfanyabiashara likapanda. Alishuka, akasimama mbele ya karakana, akasikiliza. Mzee Ndunguru akampa mkono kwa adabu zote.

"Kama unavyosikia, ndugu yangu," akamwambia, "ina watu."

Yule bwana hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Alirudi mjini na mikungu ya ndizi.

Nilikaa pale miaka mingine mingi kabla sijaitwa kwenye jenereta na boti mnazozijua. Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga Bibi Skola. Alinipa unga uliosagwa kwa mashine yetu, akanitania kuwa nisingeondoka mapema angepata mkwe wa Kinyasa na usipa wa bure. Kisha akanishika mkono.

"Nikifa, na mimi watanipandia mbono," akasema. "Waambie za kwangu wasichume. Mimi nimetwanga ya kutosha."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nikaacha kucheka, nikamwahidi. Nikawaambia wote karakana kabla sijateremka ziwani.

Mwezi uliopita, nikiwa sina kazi ya kunizuia, nilipanda tena. Umeme umefika, kinu kinazungushwa na mota ndogo isiyohitaji kufutwa, au ndivyo kijana wake anavyofikiri. Injini yetu iko pembeni, kuku wanataga kwenye tangi la maji. Bruda amezikwa kule misheni, penye maua. Bibi Skola yuko karibu na Ditrami, juu ya shamba la kahawa, na mkwe wake, Mama Kolumba, ndiye aliyenipeleka.

"Mpaka mashine ilipozimwa tulichuma kwa babu," akaniambia. "Ulikuja mwaka mmoja mbono hazikuzaa, tukahangaika mpaka kwa watu wa Ruanda, hii ya huku Mbinga. Kwa bibi hakuna aliyegusa."

Mbono za Bibi zilikuwa zimerefuka kupita za mumewe, zimezaa sana, na chini kulikuwa na mbegu nyeusi za miaka na miaka. Mkono wangu ulitaka kuokota, maana fundi hazeeki kwa hilo. Nikabisha hodi, nikakaa kidogo nao, nikashuka bila kuokota hata moja.